Onglet ya Kalume

"Papa, kabla sijajibu, naomba Kalume awaeleze wazee ile nyama aliyonitumia jana."

Wazee waliojazana sebuleni kwa baba yake, Bukavu, wakacheka. Ilikuwa posa ya Zoom, Agosti 2021, Sydney imefungwa kwa corona. Cécile yuko peke yake chumbani Campbelltown, mchumba wake Kalume yuko Guildford, mtaa mwingine wa Sydney, anakofanya kazi ya bucha, na kilichobaki ni neno moja tu la binti ili mkwe apokelewe. Kalume, mtu wa maneno matamu, akakohoa kwa maringo.

"Papa, ile nyama inaitwa onglet. Ni Kifaransa, inatoka kwa ongle, ni kusema kucha. Onglet ni kakucha. Ng'ombe muzima iko na moja tu. Boucher, mwenye kukata nyama, haiuzishi ile. Anaiwekea mwanamuke wa nyumba yake."

"Huyo ndiye mkwe!" baba akasema.

Cécile hakucheka. Akafungua WhatsApp.

"Jana mlipasua ng'ombe wangapi, Kalume?"

"Moja tu, chérie. Wenzangu wote wako isolation."

"Sasa sikiliza. Hii ni status ya Médiatrice, ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Kaweka jana, na picha ya sahani: 'Onglet! Maana yake kakucha. Ng'ombe mzima ana moja tu, boucher anamwekea mwanamke wa nyumba yake. Merci, mume wangu.'"

Wazee wakaisogelea simu.

"Yake imetoka kwa ng'ombe yupi, Kalume?"

"Katikati mle iko mushipa," Kalume akasema polepole. "Ukiutoa, nyama inakuwa vipande viwili."

Jamani! Mtu anaulizwa habari za mwanamke, anajibu habari za mshipa.

"Unakaa naye?"

"Tangu kabla ya lockdown. Cécile, nilitaka kukuambia..."

"Papa, msipokee kitu chake."

Kalume akakata simu. Wazee wakainuka mmoja mmoja, wakitafuta kofia zao bila kutazamana. Akabaki mama yake Cécile.

"Cécile, nani iko na wewe hapo?"

"Hakuna mtu, mama. Hawaruhusu mtu kuja."

"Sasa nani atakushika?"

Mama akasogeza uso hadi ukajaa kwenye simu, wakalia wote wawili mpaka bando la Bukavu likaisha.