Herufi Moja kwa Bibi Saniye

Jumamosi mchana wanafunzi wa mji wa Eskişehir, Uturuki, hujazana mgahawani kwa Bibi Saniye mpaka nafasi ya kuweka kiwiko hukosekana. Humo ndimo alimojibanza Orkun, fundi wa lifti kutoka İzmir aliyekuja kutembea siku mbili, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi. Binti mwenye kilemba chekundu akamwekea sahani ya çibörek, zile sambusa pana za nyama, zikichuruzika mafuta.

"Hizi si mbichi?" Orkun akauliza. "Jina lake lasema hivyo."

"Mbichi ni çiğ, kaka. Hii ni çi. Kwa Kitatari cha kwetu, maana yake tamu. Na weka uma chini, bibi anakutazama."

Alikula tano kwa mkono, na shati likaharibika. Siku mbili zikawa nne. Binti huyo, Gülnar, mjukuu wa mwenye mgahawa, alikuwa amemteka, na ukweli ni kwamba hata binti mwenyewe alikuwa hajiwezi. Orkun aliporudi İzmir, simu haikupoa.

"Umekula, roho yangu?" Gülnar huuliza.

"Nimekula, sijashiba. Hupo."

"Muongo wewe. Nasikia unatafuna."

Baada ya miezi minane Orkun akaamua kuposa. Ilibidi kwanza aombe ruhusa kwa Bibi Saniye, aliyemlea Gülnar tangu utotoni. Akamwandikia ujumbe: "Bibi, naomba Jumapili nije na mama. Mjukuu wako ni çi." Simu yake, inayojifanya mwalimu, ikalisahihisha neno la mwisho na kuliongezea herufi.

Asubuhi Gülnar akapiga.

"Umemwambia bibi yangu kwamba mimi mbichi?"

"Mimi?"

"Mtu mbichi ni mtu asiye na adabu, Orkun, hata kwenu İzmir. Bibi kasema posa hakuna." Alikuwa analia. Akakata, na tangu hapo hakupokea tena.

Orkun akampigia bibi.

"Bibi, ni simu ndiyo iliyokosea."

"Simu haina mdomo, mwanangu."

Wiki nzima hakulala. Mwishowe aliandika barua kwa kalamu, akaeleza yote, neno lile akaliandika kwa herufi zake mbili tu. Bibi aliisoma, akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Waje," alisema. Gülnar bado hakupokea simu.

Jumapili Orkun alikaa sebuleni kwa Bibi Saniye ndani ya suti ya kijivu, jasho likimtoka. Mama yake akatamka kama ilivyo desturi: "Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume, tunamwomba binti yenu." Gülnar, gauni la kijani likimkaa vizuri, akaleta kahawa. Mposaji hutiliwa chumvi kwenye yake. Akinywa bila kukunja uso, kafaulu. Orkun akajikaza, akanywa.

Ilikuwa na sukari. Moyo ukamlipuka. Msichana asiyemtaka mtu hajisumbui kumtania kwa chumvi.

"Gülnar," alisema, "hukunitilia chumvi."

"Umeteseka wiki nzima. Nimekuonea huruma."

"Nitilie. Tafadhali. Hata kopo zima."

Bibi Saniye akaweka kikombe chake chini. "Humu ndani aliyekula chumvi nyingi ni mimi," alisema, "na sijapata kuona mwanamume akiililia. Mchukue, mwanangu, kabla hatujacheka mpaka tukafa."