Mawese Juu ya Jiwe Jeupe

Madereva wanaopeleka wageni kutazama viboko wanaifahamu vizuri nyumba ya Odeta pale Sitalike. Ina bati la bluu na baraza pana. Ikifika saa sita mchana, baraza hilo halina nafasi ya kuweka hata kigoda.

Wanafuata sombe. Odeta anatwanga majani ya mihogo kwenye kinu uani, anayapika na karanga, halafu anamalizia na mawese mekundu yanayoletwa kutoka Kigoma. Ukila unanyamaza. Mwenye maneno mengi hunyamaza zaidi.

Jiko analopikia ni la nyumbani, hilo hilo linalomlisha mwanawe wa kwanza, Rosine, na wadogo zake. Anaipenda kazi hii. Kwa kazi hii watu wanamjua, wanamsalimia barabarani, na wanamtafuta. Mumewe, Pontien, analima mahindi na mpunga, naye hujisifu kwa kila mtu kwamba ameoa mpishi.

Jumanne moja, afisa afya wa kata alifika. Jina lake Nashon. Hakuja kwa ubaya. Alisalimia, akakagua maji ya kunawa, akakagua sufuria na sahani. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akafika kwenye meza.

Meza hiyo ilikuwa ya mbao za mninga. Pontien aliitengeneza mwenyewe mwaka waliooana. Juu yake Odeta alikata nyama, nyanya na vitunguu. Visu vya miaka kumi na miwili vilikuwa vimeijaza mistari na nyufa.

Bwana Nashon alichukua kijiti akachokonoa ufa mmoja. Kikatoka kitu cheusi, na harufu yake haikuwa nzuri.

"Naiosha kila siku," Odeta alisema haraka. "Kwa sabuni. Asubuhi na jioni."

"Nakuamini, mama. Lakini unaosha juu. Huku ndani sabuni haifiki. Maji ya nyama mbichi yanaingia, vijidudu vinazaliana. Kesho unakatia kachumbari hapo hapo. Anayekula anaumwa tumbo."

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta sehemu ngumu ya kuandalia chakula. Isiwe na nyufa, isinywe maji, ioshike vizuri. Nakupa siku thelathini. Nikirudi nisipoikuta, utapikia familia yako tu. Watu wa nje, hapana."

Bwana Nashon aliaga, akaondoka. Odeta alikaa chini akalia. Aliona aibu, na aliogopa. Kama jiko lingefungwa, yeye angekuwa nani hapo Sitalike? Alijiuliza swali hilo mara nyingi siku ile.

Pontien aliporudi kutoka shambani alisikiliza yote. Halafu akapiga makofi.

"Mama Rosine, futa machozi! Dawa ninayo. Rafiki yangu Arcade anajenga nyumba ya mkubwa mmoja huko Mpanda. Wamebakiza jiwe la marumaru. Jeupe kama maziwa! Ukiingia kwenye lile jiko unafikiri uko benki. Nikimwambia leo, wiki ijayo liko hapa."

"Linafaa kupikia?"

"Jiwe ni jiwe! Litaliwa na nini? Na panya?"

Odeta alicheka kidogo. Lakini moyo wake haukutulia. Siku thelathini si nyingi. Wakikosea, hakuna muda wa kuanza upya.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao, Cecilia. Cecilia ni fundi wa zege na vigae. Alisoma chuo cha ufundi, na mikono yake ni migumu kuliko ya wanaume wengi wa mtaa huo. Alikuja jioni, akaliangalia jiko, akauliza swali moja.

"Kwenu mnapika nini?"

Pontien alishangaa. "Fundi, sisi tunataka kujenga. Unatuuliza chakula?"

"Nauliza chakula, ndiyo. Jiko linajengwa kwa ajili ya chakula, au nimekosea, Baba Rosine?"

"Tunapika sombe," Odeta alijibu. "Maharage. Samaki wa kukamulia ndimu. Mawese kila siku."

Cecilia alitikisa kichwa taratibu. "Mawese na ndimu. Haya. Nyie mnataka kuweka nini?"

"Marumaru nyeupe," Pontien alisema, kifua mbele.

"Jiwe zuri sana. Lakini msiniamini mimi, mimi ni fundi, nataka kazi. Ngojeni Jumamosi niwaletee vipande. Mtavijaribu wenyewe."

Jumamosi asubuhi alileta vipande vinne kwenye ndoo. Kimoja kilikuwa cha mbao ya mninga, kilichopigwa randa kikawa laini. Cha pili kilikuwa ubao uliobandikwa karatasi ya plastiki yenye picha ya marumaru, ile inayouzwa madukani kwa mita. Cha tatu kilikuwa marumaru yenyewe, nyeupe na yenye kung'aa. Cha nne kilikuwa kigae kigumu cha kijivu, chenye madoadoa kama manyoya ya kanga.

Pontien alikitazama kigae. "Hiki nacho kimefuata nini hapa?"

"Subiri," Cecilia alisema. "Mama Rosine, vifanyie kama unavyoifanyia meza yako."

Odeta alivipanga uani. Alidondosha kijiko cha mawese juu ya kila kipande. Pembeni yake akakamulia ndimu. Akakatia kitunguu kwa kisu kikali. Mwisho aliepua sufuria ya maharage motoni, akaikalisha juu ya kila kimoja kwa zamu.

Ilipofika zamu ya karatasi ya plastiki, kulitokea harufu mbaya. Karatasi ilijikunja na kushika kitako cha sufuria.

"Hii imejiondoa yenyewe," Cecilia alisema. "Na hata isipoungua, maji yanapita chini yake. Mende wanahamia."

Mafuta na ndimu waliviacha mpaka kesho yake. Jumapili walipotoka kanisani, Pontien ndiye aliyetangulia uani. Hakuvua hata koti. Odeta alileta maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa.

Alianza na mbao. Mawese yalikuwa yameingia ndani. Sufuria ilikuwa imeacha duara jeusi, na kisu kilikuwa kimeacha mistari mipya.

"Siku moja tu!" Odeta alisema.

"Mbao si mbaya," Cecilia alieleza. "Ubao mdogo wa kukatia ni mzuri, kwa sababu ukichakaa unautupa. Lakini meza nzima huitupi. Unabaki nayo na nyufa zake."

Kisha Odeta akafuta marumaru. Povu lilipoondoka, wote watatu waliinama.

Doa la mawese lilikuwa pale pale. Lilikuwa la rangi ya chungwa, katikati ya weupe. Na palipokamuliwa ndimu, mng'ao ulikuwa umekufa. Odeta alipapapasa. Palikwaruza kidole.

"Lete hapa," Pontien alisema. Alisugua kwa sabuni. Akasugua tena kwa nguvu. Akaongeza jivu. Jasho likamtoka, na koti la kanisani likarukiwa na povu. Doa halikumjali.

"Ndimu inalila jiwe hili," Cecilia alisema kwa upole. "Chochote kikali kinalila. Ndimu, siki, hata nyanya ikikaa sana. Na lina vinyweleo vidogo, mafuta yanazama humo. Wapo wanaolipaka dawa ya kuziba, lakini dawa inataka kurudiwa, na ndimu haiogopi dawa hiyo."

Pontien alikiweka kipande chini. Kuona jiwe lake limeshindwa na kijiko cha mawese kulimuuma, na hakuficha.

Odeta alifuta kigae. Mara moja tu, kitambaa kikapita. Kigae kilikuwa safi. Hakikuwa na doa, wala mstari wa kisu, wala duara la moto. Akakigeuza huku na huku kwenye jua, kama anatafuta kosa. Hakuliona.

"Hiki!" alisema kwa sauti. "Fundi, mimi nataka hiki!"

Pontien alitoa simu mfukoni. Akapiga. "Arcade, rafiki yangu. Lile jiwe mpe mwingine. Hapana, si baya, ni zuri mno. Linawafaa watu wasiopika." Alipokata simu, alicheka mwenyewe, na Odeta akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumatatu Odeta na Cecilia walikwenda Mpanda kununua. Dukani kulikuwa na vigae vya aina mbili vyenye rangi moja. Kwa macho, vilikuwa mapacha.

"Vinafanana, lakini si ndugu," Cecilia alimnong'oneza. "Vigeuze. Dondosha maji mgongoni."

Odeta alivigeuza, akachovya kidole kwenye chupa yake ya maji, akadondosha. Kigae cha kwanza kilikunywa tone lile papo hapo, kikabaki na alama nyeusi. Kwenye kigae cha pili tone lilikaa juu, likitetemeka.

"Kinachokunywa ni udongo wa kawaida," Cecilia alisema. "Kinafaa ukutani. Kisichokunywa ni kigumu mpaka ndani. Hicho ndicho cha kuandalia chakula."

"Tupe visivyokunywa," Odeta alimwambia muuzaji. "Vikubwa kabisa ulivyo navyo."

"Kwa nini vikubwa?" muuzaji aliuliza.

Odeta alijibu kabla ya fundi. "Kigae na kigae vina mwanya katikati, na uchafu unakaa kwenye mwanya. Vigae vikubwa, mianya michache." Hayo aliyasikia kwa Cecilia njiani asubuhi ile ile, lakini aliyatamka kama mtu aliyeyajua siku zote.

Kazi ikaanza. Kwanza ilikuwa kupima kimo. Pontien, ambaye ni mrefu, alijisogeza akasimama wima karibu na ukuta.

"Wewe unasonga ugali hapa?" Cecilia alimuuliza.

"Hapana."

"Basi pisha mwenye kusonga. Mama Rosine, simama. Kunja kiwiko. Slabu, yaani meza ya zege, itakuwa kiganja kimoja chini ya kiwiko chako. Ikiwa juu zaidi, mabega yatauma. Ikiwa chini zaidi, mgongo."

Pontien alipisha, huku akilalamika kwa utani kwamba mafundi wa siku hizi hawamheshimu baba mwenye nyumba.

Cecilia alimwaga slabu ya zege yenye nondo ndani, ikiinama kidogo kuelekea kwenye karo la kuoshea vyombo. Kwa siku saba Odeta aliimwagilia maji asubuhi na jioni, ili zege likomae bila kupasuka. Walingoja wiki nyingine ndipo mbao zilizoshikilia zege kwa chini zikatolewa na vigae vikabandikwa. Cecilia aligonga kila kigae kwa sarafu. Kimoja kikalia kama debe tupu.

"Hiki kina hewa chini. Sufuria ikianguka hapa, kitapasuka." Alikibandua, akakibandika upya. Mianya akaijaza grauti ya kijivu, saruji laini ya kuzibia, ile aina ngumu isiyokunywa mafuta.

"Sasa sikilizeni," alisema alipomaliza. "Kinu kibaki uani, msitwangie juu ya vigae. Nyama na mboga katieni kwenye ubao, kila kimoja na ubao wake. Osheni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa. Mchanga na steliwaya marufuku."

Meza ya mninga Pontien aliipiga randa, akaitoa barazani watu walie chakula juu yake.

Siku ya thelathini ilifika. Tangu asubuhi Odeta alipika huku akichungulia barabarani. Saa sita, baraza likiwa limejaa, Bwana Nashon aliingia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye slabu. Alipitisha kidole kwenye mianya. Akainama kutazama kona za ukuta. Akamwaga maji, akayaangalia yakiteleza mpaka kwenye karo. Kisha akachukua kijiti chake, akatafuta pa kuchokonoa. Alitafuta mwanzo wa slabu mpaka mwisho wake.

"Mama," alisema, "kijiti changu leo hakina kazi."

Alitoa karatasi, akaandika, akapiga muhuri. Pontien alinyoosha mkono kuipokea, lakini Odeta aliwahi.

"Niachie, Baba Rosine. Hili ni jiko langu."

Akatoka nayo barazani. Madereva waliacha kula. Odeta alisoma kwa sauti, neno moja moja, bila haraka:

"Jiko la Mama Rosine nimelikagua. Ni safi. Linaruhusiwa kupikia watu."

Baraza zima lilipiga makofi, na Cecilia, aliyekuwa amekaa kati yao na sahani yake, alipiga vigelegele. Odeta aliisoma karatasi ile mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Halafu akaingia ndani, akampakulia Bwana Nashon sombe.