Kitambaa Cheusi na Chuchu ya Nne

Sakafuni, karibu na dirisha, kulikuwa na alama nne. Hapo ndipo cherehani ya Mama Pacha ilipokaa kwa miaka tisa. Sasa haipo, imeuzwa ili anunuliwe ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi Mama Pacha alipafagia pale polepole, kama mtu anayefagia kando ya mtoto aliyelala.

Siku hiyo mumewe, fundi baiskeli, aliingia akihema.

"Mke wangu, nimempata! Kiwele kimejaa kama puto. Naenda kumchukua sasa hivi."

"Umemkamua?"

"Mimi? Mimi na kukamua wapi na wapi?"

"Basi twende wote."

"Mama Pacha, huku si kuchagua vifungo vya gauni."

"Najua," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini atakayemkamua ni mimi."

Baba Pacha akamfungulia mlango.

Njiani walimpitia jirani yao, mama mzee aliyekuwa mkamuaji katika shamba kubwa kwa miaka thelathini. Watu walimwita Bibi Ndoo.

"Mwanangu, una kipande cha kitambaa cheusi?" Bibi Ndoo aliuliza.

"Bibi, fundi cherehani akose kitambaa?" Mama Pacha alitoa kipande mfukoni.

"Kitunze. Kazi yake utaiona."

Baba Pacha aliguna. "Ng'ombe mmoja, wanunuzi watatu. Tungekodi na basi kabisa."

Muuzaji aliwapokea kwa kicheko. Ng'ombe alikuwa mkubwa, mwekundu, manyoya yanang'aa. Kiwele chake kilikuwa kimevimba hadi ngozi inavutika.

"Amueni haraka," muuzaji alisema. "Kuna mwenye hoteli yuko njiani kumfuata. Hapa kwangu, anayeshika kamba ndiye mwenye ng'ombe. Akishashika, harudishi."

Akainyoosha kamba. Mkono wa Baba Pacha ukainuka.

"Subiri, Baba Pacha," Mama Pacha alisema.

"Subiri nini? Hukumsikia? Mtu yuko njiani!"

Bibi Ndoo alimgeukia muuzaji. "Shikamoo hukunipa, lakini nakusamehe. Huyu amekamuliwa lini?"

"Marahaba... yaani, shikamoo, Bibi. Amekamuliwa asubuhi hii."

"Asubuhi hii, na saa tatu kiwele kimejaa hivi? Mama Pacha, huyu hajakamuliwa tangu jana. Ng'ombe yeyote akiachwa hivyo kiwele hujaa. Hiyo haikuonyeshi anatoa maziwa kiasi gani kwa siku."

Kicheko cha muuzaji kikakauka. "Mnanunua au mnanihoji? Haya, mwenye hoteli yule anakuja!"

Kweli, mtu alionekana mbali barabarani. Vidole vya Baba Pacha vikaigusa kamba.

Mama Pacha alisogea karibu. Hakuwa mtu wa kubishana mbele za watu. Lakini alizikumbuka zile alama nne sakafuni. Wakikosea leo, hawana kingine cha kuuza.

"Baba Pacha, nakuomba," alisema. "Usiishike kamba. Acha nikamue kwanza."

Mumewe alimtazama. Kisha akaurudisha mkono nyuma, polepole, akaufumbata mgongoni.

Mama Pacha alinawa mikono, akakiosha kiwele, akachuchumaa. Bibi Ndoo aliinama karibu yake.

"Yale maziwa ya mwanzo usiyatie kwenye ndoo. Yaangushie juu ya kitambaa cheusi. Chuchu zote nne, moja baada ya nyingine."

Ya kwanza ilitoa maziwa laini. Ya pili vilevile. Ya tatu pia. Alipoigusa ya nne, ng'ombe alirusha teke. Mama Pacha aliangukia makalio.

"Umeumia?" mumewe alipiga kelele.

"Hapana. Bibi, ile ni ngumu. Tena ina moto."

Alirudi. Akakamua kwa upole mara mbili. Juu ya kitambaa cheusi vikaonekana vibonge vyeupe, kama maziwa yaliyokatika.

Bibi Ndoo alikiinua kitambaa, wote wakione.

"Ni ugonjwa wa kiwele," Bibi Ndoo alisema. "Daktari wa mifugo anaweza kumtibu. Lakini chuchu ikishaharibika sana, huenda isitoe maziwa tena. Na maziwa haya hayafai kunywewa."

Muuzaji aliivuta kamba yake. "Nendeni zenu! Mnanipotezea muda!"

Mtu wa barabarani akapita, mzigo wa majani kichwani. Hakuwa mwenye hoteli wala hakugeuka.

Walishika njia ya kurudi. Nusu ya njia, Baba Pacha alisema, "Ningeishika ile kamba, ningekutazama vipi?"

"Hukuishika," mkewe alijibu.

Wiki mbili baadaye walimpata mwingine. Huyu alikuwa mdogo, wa kijivu, pembe moja imekatika. Baba Pacha alimtazama kwa mashaka. "Huyu si amekimbia vita?"

"Unataka pembe au maziwa?" Bibi Ndoo alimuuliza.

Mama Pacha alimkamua jioni mbele ya mwenyewe, akarudi kumkamua asubuhi, ili ajue maziwa ya siku nzima. Chuchu zote zilikuwa laini. Ndama wake alipofunguliwa alikimbilia kunyonya, naye ng'ombe akamlamba mgongo. Daktari wa mifugo alichukua damu, maana yapo magonjwa ya ng'ombe yanayoweza kuwaingia watu. Walisubiri majibu siku nne. Mama Pacha hakulala vizuri hata siku moja.

Majibu yalipokuja mazuri, Baba Pacha alimgeukia mkewe.

"Shika kamba wewe."

Leo pacha wao wanakunywa maziwa yaliyochemshwa, na majirani wanne hununua yanayobaki. Kitambaa cheusi hufuliwa kila siku na kuning'inizwa kwenye msumari bandani. Kila alfajiri, kabla ndoo haijaguswa, Baba Pacha hukitandaza kwenye viganja vyake viwili, mkewe akakamua ya mwanzo juu yake, nao huinamisha vichwa pamoja.

"Safi?" Baba Pacha huuliza.

"Zote nne," mkewe hujibu. "Lete ndoo."