Chapa Iliyofutwa Mchangani

Saa mbili asubuhi, siku ya soko la mifugo, mwaka 1997, muuguzi Muslimo alifungua stoo ya zahanati moja mjini Garissa, akakuta kisanduku kimeachwa wazi. Vipande vya ngozi vilivyopigwa chapa vilikuwa vimetoweka, pamoja na chuma cha kuvichapia.

Zahanati tatu, ya Garissa, ya Modogashe na ya Buna, zilikuwa zimeafikiana: mgonjwa wa UKIMWI aliyekwisha kupimwa na kukubaliwa katika mojawapo apewe kipande kisicho na jina, na kwingine atibiwe kifua na vidonda bila kuulizwa neno. Uani, juu ya jamvi, Idman, mjane wa wafugaji wa Buna, alikuwa akikohoa, akingoja kipande chake. Lori lake la kurudi Buna lingeondoka adhuhuri.

"Nikuandikie barua?" Muslimo alimuuliza.

"Barua ina jina, na jina lina ukoo. Wallahi, aibu hii nimeitamka mara moja. Mara ya pili sina ulimi wake."

Inspekta Salat, aliyeitwa kutoka kituo cha polisi, alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kutazama kilichobaki kabla ya kilichopotea. Kufuli halikuvunjwa. Wenye funguo walikuwa watatu: Muslimo, Warsame mtunza stoo, na Mzee Jelle, mwenyekiti wa kamati. Dawa zilikuwa rafuni, magunia ya unga wa wagonjwa yalikuwa kamili, na kando lilisalia rundo la ngozi tupu zisizo na chapa.

"Walaal, ndugu yangu," alimwambia Warsame, "nasikia uliwaombea binamu zako vipande, wapate unga, na hali ni wazima kama fahali."

"Niliomba, nikanyimwa, nikatukanwa juu yake! Lakini mwizi mwenye njaa huruka gunia akala ngozi?"

Salat alitabasamu. Akachora mchangani kwa kijiti ile chapa, kama Muslimo alivyomweleza, mwezi mchanga juu ya mstari.

"Waijua?"

"Ndiyo ya vipande. Mwezi na mstari, basi," alisema Warsame, mtoto wa dukani tangu kuzaliwa, asiyewahi kuchunga ngamia, akapiga miayo.

Salat akatafakari. Mwenye nia ya kughushi angechukua chuma na ngozi tupu pamoja. Huyu alichukua kila chenye chapa, na chuma kiizaacho, akaacha kisicho nayo. Basi hakuviiba vipande, aliiba chapa.

Salat alikuwa mzaliwa wa Elwak. Alijua kwamba kila ukoo una chapa yake ya ngamia, ila za upande huu hakuzijua. Saa nne alikuwa sokoni, na shingoni mwa ngamia jike akauona mwezi juu ya mstari.

"Wa ukoo wa Mzee Jelle," mchungaji alimwambia. "Hata kipofu huitambua kwa kupapasa."

Mzee Jelle alikuwa barazani kwake, tasbihi mkononi. Salat alimsalimu, akainama, akaanza kuchora mchangani. Kabla mstari haujakamilika, bakora ya mzee iliufuta.

"Adeer, baba yangu mdogo, Warsame ameitazama akapiga miayo. Wewe umeifuta. Kwa nini?"

Tasbihi ikasimama.

"Muuguzi wenu, binti yule wa mjini, hakuuliza mtu," alisema mzee. "Aliona mwezi, ukampendeza. Nimerudi safarini nikakuta chapa ya babu zangu juu ya kila mgonjwa. Kesho watasema maradhi haya ni yetu. Nani atawaoa binti zetu?"

"Mbona hukumwambia?"

"Kusema ni kutangaza."

"Ngamia mwenye chapa yenu akipotea, akafika kisima cha mbali ana kiu, watu wenu humuuliza nini?"

"Mnyama huulizwa? Chapa yatosha. Hunyweshwa."

"Hata akiwa mgonjwa?"

"Mgonjwa hutangulizwa."

Mzee aliyasikia maneno yake mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Yuko mwanamke uani," Salat alisema taratibu. "Lori lake laondoka adhuhuri. Chapa yake umeificha wewe."

Mzee aliingia ndani, akatoka na mfuko wenye vipande na chuma. Wakaenda pamoja hadi zahanati.

Muslimo alinyoosha mkono. "Kwanza ufunguo, adeer."

Mzee akautoa. "Fueni chuma kipya, binti. Nitakuonyesha alama isiyo ya ukoo wowote. Lakini lori halingoji mhunzi."

Akachagua kipande, akampa Idman kwa mikono miwili. Mjane alikigeuzageuza; kwa kuwa ni binti wa wafugaji, alitambua kuwa ni chapa ya ngamia wa ukoo fulani.

"Na wakiniuliza kule, mimi ni wa nani?"

"Waambie chapa ni ya Jelle," alisema mzee. "Mwenye swali zaidi, aje aniulize mimi."