Mgonjwa wa Uongo

"Hakuna mlinzi anayemfunua mgonjwa," alisema Msumari.

Walikuwa watatu katika chumba cha huduma ya kwanza, chini ya majukwaa. Msumari, mkuu wa genge. Dada yake, nesi wa mashindano. Na mume wa huyo dada, dereva wa ambulensi. Nje, wanawake wawili walikuwa wakicheza fainali ya tenisi kwenye sakafu ngumu inayochoma kama kikaango.

Ukumbi wa wageni ulikuwa na kabati la vioo lililojaa saa za dhahabu za wadhamini. Mpira ukichezwa, uwanja mzima kimya. Pointi kubwa ikiisha, makofi. Hapo ndipo Msumari angevunja kioo. Kisha machela, shuka hadi kidevuni, king'ora, geti.

"Na mchezaji akiumia kweli?" Dereva aliuliza.

"Shemeji, usinitie mkosi."

"Nauliza tu."

"Utauliza ukishatajirika."

SETI YA KWANZA, SITA KWA NNE.

Uwanja ulilipuka. Nyundo ya Msumari ikashuka kwenye kioo. Wageni wote walikuwa roshanini wakishangilia, hakuna aliyegeuka.

SETI YA PILI, SARE YA MOJA KWA MOJA.

Msumari alikuwa kwenye machela ndani ya ambulensi, mfuko wa saa miguuni, bastola tumboni. Dereva aliwasha gari. Ghafla watu elfu kadhaa wakanyamaza, na kimya hicho hakikuwa cha mchezo.

Redio ikakoroma. "Nesi! Mchezaji ameanguka! Joto limemmaliza, anatapatapa! Leteni gari!"

Nesi, aliyekaa kando ya machela, aliutazama mtungi wa oksijeni. Ulikuwa mmoja tu uwanja mzima.

"Getini," alisema Msumari.

"Kaka, nimemfunga bandeji kifundo cha mguu asubuhi hii. Ananiita dada."

"Mimi ndiye ninayekuita dada. Shemeji, kanyaga mafuta!"

Geti lilikuwa kulia. Dereva alikata kushoto.

"Unakwenda wapi, wewe?"

"Kazini."

Msumari alifyatua kupitia kidirisha cha nyuma ya kiti. Gari likayumba, likagonga ukuta kwenye mlango wa wachezaji. Aliruka na mfuko wake, akakimbia. Walinzi walimlaza kifudifudi kabla hajalifikia geti.

Nesi alifungua mlango wa mbele. Damu ilikuwa imelowesha shati lote la mumewe. Aliziba jeraha kwa viganja. Nyuma yake watu walikuwa wamembeba mchezaji, midomo imekuwa ya bluu, wakipiga kelele za kuomba hewa.

"Nenda," Dereva alisema.

"Nyamaza, mume wangu."

"Nimekuja huku kwa ajili yake. Nenda basi."

Akaenda. Alimvalisha mchezaji barakoa, akafungua mtungi, akamwagia maji, akamwita kwa sauti hadi kifua kikaanza kupanda na kushuka. Aliporudi kwenye kiti cha mbele, macho ya mumewe yalikuwa wazi na hayakumtazama.

Askari alimkuta amekaa chini, kichwa kwenye goti la maiti.

"Mama, unawafahamu hawa wanaume?"

"Huyu mume wangu. Yule mliyemfunga pingu ni kaka yangu, tumbo moja." Akanyoosha mikono. "Na mimi nilikuwa nao."