Jina Lililokaa Ukingoni

Kila siku masomo yalipokwisha, Oliva alifagia darasa la sita, akanawa mikono, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya shule yao pale Kitangari, na kompyuta zilikuwa chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Oliva alikuwa mwepesi wa kuchapa kuliko wenzake wote, naye alilijua hilo vizuri sana. Wengine walipokuwa wakiitafuta herufi moja, yeye alikuwa ameshamaliza mstari na anachungulia dirishani.

Siku hiyo Mwalimu Felix alimpa kazi ya watu wazima. Mzee Nathanaeli, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ameleta orodha ya zamu za bombani iliyoandikwa kwa mkono, akaomba ichapwe vizuri.

Kitangari iko juu ya uwanda, na maji hupandishwa kwa mashine kutoka bondeni. Hayatoshi watu wote kwa siku moja. Kwa hiyo kaya zimegawanywa katika makundi, kila kundi na siku yake, na kila siku ina mama mmoja anayeshika ufunguo wa bomba. Kwenye orodha, namba ya siku na jina la mama huyo hukaa ukingoni, upande wa kushoto. Majina ya watu wake husogezwa ndani, kila moja na kidoti chake. Aliye ukingoni ndiye kiongozi, aliye ndani ni mtu wake. Wenyeji wote wanalijua hilo.

"Tazama hii rula hapa juu," alisema Mwalimu Felix. "Ina pembetatu mbili ndogo. Ya juu inasogeza mstari wa kwanza. Ya chini inasogeza mistari inayofuata, ili jina likiwa refu likashuka chini, libaki ndani na wenzake. Usisukume maneno kwa kitufe cha nafasi. Leo yatakaa sawa, kesho yatatawanyika."

"Sawa, Mwalimu."

Mwalimu alipotoka, Oliva alijaribu. Kipanya kilikuwa kizee, pembetatu zikamponyoka. Alijaribu tena, ikasogea ya juu badala ya ya chini. Nje rafiki yake Pili alikuwa anamwita waende kucheza rede. Basi Oliva akaachana na rula. Akabonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi, ta-ta-ta-ta, akaweka vidoti kwa mkono, na majina yakajipanga. Ukiyatazama, huoni kasoro.

Mwalimu Felix aliporudi alifurahi. "Umetumia rula?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Oliva, huku ameshashika mlango.

Orodha ilitiwa kwenye fleshi, na Mzee Nathanaeli akaipeleka steshenari Newala mjini kwenda kuitoa kwenye printa. Huko akaomba herufi zikuzwe, wazee waweze kusoma bila miwani. Herufi zikakuzwa. Karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa bombani, nyeupe, inapendeza, na mtu wa kwanza kuisifu alikuwa mama yake Oliva, Magdalena. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa Alhamisi.

Alhamisi ilipofika, Mama Oliva alifungua kufuli, akasimama mbele ya ubao akiita majina. Oliva alikuwa kwenye foleni na ndoo yake. Mama aliita kaya ya Mzee Salmini, wakateka. Kisha akasita. Bibi Zena, ambaye siku zote alikuwa wa Alhamisi, alikuwa ameshasogeza dumu lake.

"Shikamoo, Bibi. Lakini hapa wewe hupo kwangu tena," alisema Mama Oliva. "Naona wamekuhamishia kwa Mama Pili."

"Marahaba. Mama Pili naye ana siku gani?"

Mama Oliva alitazama karatasi tena. "Hawajamwandikia namba. Nadhani kamati itamtangazia siku yake."

Mama Pili, aliyekuwa anafunga kitenge chake, alijinyoosha akaonekana mrefu zaidi. Hakuwahi kuambiwa kuwa ni kiongozi, lakini habari yenyewe haikumchukiza hata kidogo.

Oliva alinyoosha shingo kuitazama karatasi. Alikuwa amechapa hivi: Mzee Salmini pamoja na mkwewe Mama Pili. Ulikuwa mstari mmoja, ndani ya kundi la Alhamisi. Herufi zilipokuzwa, mstari ule haukutosha tena. Maneno mawili ya mwisho yalishuka chini, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuyashika ndani, yalikimbilia ukingoni kabisa. Mama Pili alikuwa amekaa pale kama kiongozi, na chini yake, ndani, jina moja tu: Bibi Zena.

Angeweza kusema palepale. Lakini watu walikuwa wengi, na Mwalimu Felix angesikia. Oliva akateka maji yake, akaondoka.

Jioni mama yake alimwuliza, "Ile orodha, mwanangu, uliichapa kama Mwalimu alivyokuelekeza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ndivyo kamati ilivyopanga," alisema mama, akaendelea kutwanga mahindi.

Siku zile zilikuwa mbaya kwa Oliva. Alikula bila hamu, na kila alipopita karibu na nyumba ya Bibi Zena alitazama upande wa pili. Majirani walimpa bibi maji kidogo kidogo, leo sufuria, kesho kopo, wakingoja kamati itangaze siku ya Mama Pili. Alhamisi iliyofuata Bibi Zena hakuja bombani kabisa. Alichukua dumu lake akateremka bondeni kisimani, kama walivyofanya zamani kabla ya bomba kufika. Njiani, kwenye mteremko, akateleza. Vijana walimpandisha kwa pikipiki mpaka zahanati, goti limevimba, hawezi hata kukanyaga chini.

Hapo maneno yakaanza. Mbuzi wa Bibi Zena waliwahi kula mihogo ya Mama Oliva, na wanawake wale wawili walinuniana msimu mzima wa korosho. Sasa kila mtu aliukumbuka ugomvi huo. Walisema Mama Oliva ameshika ufunguo, binti yake ameshika kompyuta, na Bibi Zena ametupwa nje. Mzee Nathanaeli akaitisha kikao.

Mama Oliva alikwenda na ufunguo mkononi. Alizungumza vizuri mwanzoni, akaeleza kuwa alifuata karatasi tu. Kisha sauti ikamkatika, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Oliva hakuwahi kumwona mama yake akilia mbele za watu.

"Njia ya mwongo ni fupi," alinong'ona mtu nyuma.

Maneno yale hayakumstahili mama. Yalimstahili yeye, na Oliva aliyasikia moja moja. Mzee Nathanaeli alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea ufunguo, Oliva aliposimama.

"Shikamooni. Mama hakufanya kitu. Ni mimi." Akaeleza yote: rula, kitufe cha nafasi, jina lililokimbilia ukingoni. Alieleza pia kwamba Alhamisi ile ya kwanza aliliona kosa akanyamaza, na mama alipomwuliza alimdanganya.

Mama Pili aliinamisha kichwa, uongozi wake umekwisha. Mzee Nathanaeli aliurudisha mkono wake mtupu mapajani. "Baki na ufunguo wako, Mama Oliva," alisema. "Na utusamehe."

Kesho yake Mwalimu Felix alimketisha Oliva mbele ya kompyuta. Hakumgombeza. Alibonyeza alama moja tu, na zile nafasi zote zilizojificha zikajitokeza kwenye kioo, vijidoti vingi vimefuatana kama siafu. Oliva aliona aibu hadi masikioni. Akazifuta zote, mstari kwa mstari. Akaishika pembetatu ya chini. Ilimponyoka, akaishika tena, mpaka ikatii. Kisha Mwalimu akakuza herufi kupita kiasi, makusudi. Jina la Mama Pili likashuka chini, likabaki ndani, chini ya Mzee Salmini, mahali pake.

"Rula ilikushinda, ungeniita," alisema Mwalimu. "Kushindwa si kosa. Ndiyo sababu mimi nipo."

Alhamisi Oliva alijitwika ndoo ya kwanza akaipeleka kwa Bibi Zena. Mama alifuatana naye, amebeba dumu la pili. Bibi alikuwa kibarazani, mguu ameunyoosha juu ya mkeka, na mbuzi wake wamefungwa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Oliva, na machozi yakamtangulia. "Nisamehe. Sikuchapa sawasawa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu." Bibi Zena alimtazama Mama Oliva, na Mama Oliva akamtazama yeye, kisha wote wawili wakawatazama mbuzi. Bibi akacheka kidogo, halafu akashika goti kwa maumivu.

Mama Oliva aliketi ukingoni mwa mkeka. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la vidole, na lile lilimnyima Bibi maji ya siku moja tu. Kosa la pili lilikuwa la mdomo. Nilikuuliza jioni ileile. Ungesema kweli, Bibi asingeteremka bondeni. Karatasi imechapwa upya kwa saa moja. Goti hili halichapwi upya. Kila mtu hukosea kazi, lakini anayeliona kosa lake akalificha huwaachia wengine walibebe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi mpaka Bibi atakapopona, maji yake ni kazi yako."

Oliva alimimina ndoo mtungini taratibu, lisimwagike hata tone, akarudi bombani kuchukua nyingine.