Muhuri Mkobani mwa Mteule

Muhuri wa baraza la nidhamu la mawakili ulikutwa ndani ya mkoba wa mama aliyeteuliwa kuliongoza, asubuhi ya kuapishwa kwake. Makamu wake ndiye aliyedai mikoba ikaguliwe. Kamati ya uteuzi ikasema bila kuuma maneno: jina la mama lisiposafishwa kabla ya adhuhuri, ataapa makamu.

Akaitwa mpelelezi waliyezoea kumwita Bi Taratibu, mwanamke asiye na haraka hata nyumba ikiungua. Alianza na fundi wa vipaza sauti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ukumbini peke yake na kila kidole kilimwelekea. Alieleza kwamba alichuchumaa nyuma ya spika akiunganisha nyaya, akaona mgongo wa mtu mwenye joho akitoka kwenye meza kuu, pale palipokuwa na muhuri na mkoba.

"Nilidhani ni mama mteule," alisema. "Waliovaa joho leo ni wawili tu, yeye na makamu."

"Alitokaje?"

"Alifika mlangoni, akageuka, akakiinamia kiti cha mwenyekiti. Nikacheka, maana kilikuwa kitupu."

Bi Taratibu hakucheka. Wakili hukiinamia kiti cha hukumu aingiapo na atokapo, na mazoea yana taabu. Akamwuliza mteule habari za mkanda mgumu uliotuna chini ya joho lake. Mama akasema mgongo ulimsaliti mwezi uliopita; daktari amemkataza kuinama, hata viatu anavalishwa na mumewe. Daktari akapigiwa simu, akathibitisha.

Makamu alikwisha kuapa kwamba hakukanyaga ukumbini asubuhi ile.

"Basi aliyeinama ni nani, kaka?" Bi Taratibu aliuliza.

Mpelelezi akaieleza kamati kilichomsukuma makamu: juzi tu, uteuzi ukiwa umekwisha pita, mjane mmoja alimshtaki barazani kwa kuuza kiwanja chake kwa siri, na mteule alikataa katakata kuliahirisha shauri hilo.

"Nilitaka muda nimrudishie kiwanja chake," makamu alisema kwa sauti ndogo.

"Ukamchafua mwenzako ili uupate."

Kamati ikamvua umakamu palepale. Mama akaapa kwa sauti iliyofika hadi barabarani, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, na fundi alipiga kuliko wote. Kisha mama akakaa kitini, akaagiza shauri la mjane liitwe kwanza. Mjane akainuka kutoka benchi la nyuma, akilia kwa furaha bila kuona haya, akaenda mbele kusikilizwa.